Kutoka Sauti ya Mzee hadi Somo la Darasani: Mwongozo Kamili wa Kuhifadhi na Kufundisha Kikri

Wanaoniuliza kuhusu kazi hii hukwama mahali pamoja. Wana saa nyingi za sauti kwenye diski, wazee waliozitoa sauti hizo wanazidi kudhoofika, na hakuna hata mtoto mmoja aliyejifunza sentensi moja kutokana nazo. Hawakosi bidii. Mpangilio wa kazi ndio unaowaangusha: wanarekodi mwaka mzima wakitumaini kunukuu, yaani kuyaandika maneno ya sauti hizo, baadaye, na hiyo baadaye haifiki.

Hapa tunaugeuza mpangilio huo. Utachukua simulizi moja ya dakika 2 au 3 na kuipitisha katika hatua zote mpaka ifike darasani. Kinasa sauti hakiwashwi tena kabla ya hapo.

Mfano wetu ni Kikri cha Nyanda, ambacho wenyewe hukiita nêhiyawêwin, lugha ya wenyeji wa asili wa Saskatchewan na Alberta nchini Kanada. Sensa ya 2021 ilihesabu watu takriban 86,000 wanaoweza kuzungumza lugha za Kikri zote kwa jumla. Mada yetu ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: bibi anaeleza anavyotengeneza pahkwêsikan, mkate wa unga, maji, chumvi, beking pauda na mafuta, usiotiwa hamira. Anayehifadhi lugha ya kwao Iringa au Bukavu abadilishe mifano tu; hatua ni hizi hizi.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Msemaji aliyekubali kukaa nawe wakati wa kunukuu pia, maana kurekodi ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Bila yeye usianze.
- Makubaliano ya maandishi na jamii yake.
- Kinasa sauti kinachohifadhi faili za WAV kwa 48 kHz na biti 24. Saa moja ya stereo huchukua takriban GB 1. Usitumie MP3: hupunguza sauti hafifu, na Kikri kina sauti hafifu zenye maana.
- Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, pamoja na kizuia upepo.
- Hedifoni za waya zinazofunika sikio lote.
- Betri za akiba na memori kadi 2.
- Kompyuta yenye ELAN, programu ya bure ya kunukuu iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi.
- Kibodi inayoandika â, ê, î na ô bila kuhangaika.
- Kamusi ya mtandaoni iitwayo itwêwina, iliyojengwa na maabara ya Chuo Kikuu cha Alberta.
- Malipo ya msemaji, taslimu, yaliyopangwa mapema.

## Hatua ya 1: Omba kabla ya kufungua mkoba

Barua ya idhini ya chuo chako haitoshi. Jamii za Mataifa ya Kwanza (wenyeji wa asili, Wakri wakiwemo) nchini Kanada zina misingi inayojulikana kwa kifupi kama OCAP: jamii ndiyo mmiliki wa taarifa zake, ndiyo inayozidhibiti, ina haki ya kuzifikia na ina haki ya kuzishika mikononi mwake. Kwako wewe maana yake ni kwamba faili halisi inabaki kwao, na unayebaki na nakala kwa ruhusa ni wewe.

Kwa familia nyingi za Wakri wa Nyanda, ombi kwa mzee huambatana na tumbaku, cistêmâw. Mzee akiipokea, amelipokea ombi lako. Usiichanganye na malipo. Hayo yana mahali pake. Zipo pia familia zisizofuata desturi hiyo, kwa hiyo muulize mwenyeji kabla ya kwenda. Mzee naye usimwite kwa jina tupu. Ukisikia wajukuu wakimwita nôhkom, yaani bibi yangu, uliza kama nawe unaruhusiwa kumwita hivyo.

Zungumzeni haya na kuyaandika: nani atasikiliza rekodi, kama jina la msemaji litajwe, kama sauti itawekwa mtandaoni, na nani wa familia ataulizwa siku ambayo mzee hayupo tena. Swali hilo la mwisho ni zito kulitamka. Litamke kwa upole, lakini litamke, maana wengi walioliacha leo wana rekodi zisizogusika kwa kuwa hakuna anayejua mwenye kauli.

Tahadhari. Simulizi hazilingani. Zipo âcimowina, habari za maisha ya watu, na zipo âtayôhkêwina, simulizi takatifu, zikiwemo za wîsahkêcâhk, mhusika wao mjanja, ambazo kwa desturi husimuliwa wakati wa baridi theluji ikiwa imetanda. Ukizitaka mwezi Julai utamweka mzee katika hali ngumu: avunje desturi au amnyime mgeni. Anza na âcimowin ya jikoni.

Utajua umefaulu mzee akiweza kumweleza mjukuu wake, kwa maneno yake mwenyewe, sauti yake inakwenda wapi.

## Hatua ya 2: Tayarisha chumba

Chagua chumba chenye zulia na mapazia. Kuta tupu hurudisha mwangwi. Zima redio na ondoa saa ya ukutani. Chomoa jokofu, kisha weka funguo za gari lako ndani yake. Hivyo hutaweza kuondoka bila kukumbuka kulirudisha kwenye umeme, na nyama ya mwenyeji haitaharibika.

Baridi ya huko ina mambo yake. Betri hufa haraka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa hiyo zisafirishe mfuko wa ndani wa koti. Ukiingia nyumbani, acha mkoba umefungwa mpaka upate joto la chumba. Ukiufungua mara moja, unyevu hutanda ndani ya vifaa.

## Hatua ya 3: Rekodi dakika 3, si zaidi

Jaribu kwa nusu dakika kwanza. Kilele cha sauti kikae kati ya desibeli -12 na -6. Kikigusa 0, sauti imepasuka na hakuna programu itakayoiponya. Vaa hedifoni muda wote, kwani skrini haikuonyeshi kwamba maikrofoni inakwaruzwa na shali.

Anza kwa kutamka tarehe, mahali, lugha na jina la msemaji, kama ameruhusu litajwe. Kisha uliza swali moja pana: anatengenezaje pahkwêsikan? Usianze na orodha ya "mkate mnauitaje, maji mnayaitaje". Utapata majina matupu, na uhai wa Kikri umo katika vitenzi.

Tahadhari kwa sisi wa Kiswahili. Tumelelewa kumwitikia msimuliaji: ehee, naam, enhe. Ni adabu, na hapa inaharibu kazi, kwa sababu itikio lako litafunika mwisho wa neno, na katika Kikri mwisho wa kitenzi ndio unaosema nani amemtenda nani. Itikia kwa kichwa na macho. Mweleze mzee mapema kwa nini utanyamaza, asidhani umechoka kumsikiliza.

Utajua umefaulu ukisikiliza tena na kuweza kutenganisha kila neno na jirani yake, hata kama maana huijui.

## Hatua ya 4: Ipe faili jina na nakala siku hiyo hiyo

Jina la faili liwe na msimbo wa lugha, tarehe, mada na namba: `crk-20250118-pahkwesikan-01.wav`. Msimbo crk ni wa Kikri cha Nyanda. Cwd ni wa Kikri cha Misituni, csw ni wa Kikri cha Vinamasi. Usiweke nafasi wala herufi zenye kofia katika jina la faili, maana kompyuta nyingine huzivuruga.

Nakala ziwe 3, mojawapo katika jengo jingine. Kadi isifutwe mpaka umefungua kila nakala na kuisikiliza.

## Hatua ya 5: Nukuu pamoja na msemaji

Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, kwa hiyo tukae kidogo. Kwa anayeanza, dakika moja ya sauti inaweza kula saa nzima. Ndiyo sababu ya zile dakika 3.

Ndani ya ELAN kata sauti vipande vya sentensi moja moja, kisha fungua safu 3: Kikri, tafsiri, na maelezo ya msemaji. Cheza kipande, mwombe msemaji akirudie polepole, ndipo uandike. Tumia tahajia sanifu ya herufi za Kilatini, ambayo mwongozo wake ulitolewa mwaka 2008 na Jean Okimāsis na Arok Wolvengrey. Ina konsonanti 10 na irabu 7: fupi i, a, o, ndefu î, ê, â, ô. Kama shule ya pale inatumia silabi za Kikri, hati ile ya maumbo kama ᓀᐦᐃᔭᐍᐏᐣ, unaweza kugeuza baadaye, mradi herufi za mwanzo ziwe sahihi.

Masikio yetu hukosea mahali patatu.

*Urefu wa irabu.* Sisi tuna kata na kataa, kwa hiyo wazo si geni, ila hatujazoea kulisikia kila mahali. Kwenye Kikri nipiy ni maji na nîpiy ni jani la mti. Sâkahikan ni ziwa, sakahikan ni msumari. Ukiacha kofia, bibi atakuwa anavua samaki kwenye msumari.

*Pumzi kabla ya konsonanti.* Katika pahkwêsikan kuna h kabla ya k, na katika atihk, yaani karibu, yule mnyama wa kaskazini wa jamii ya kulungu, ipo pia. Sisi huwa hatuisikii kabisa. Usikisie: mwombe msemaji atamke neno mkono wako ukiwa mbele ya kinywa chake kwa ruhusa yake, au linganisha na kamusi.

*P, t na k.* Katikati ya irabu husikika kama b, d na g. Andika p, t, k, kwani Kikri hakitenganishi maneno kwa tofauti hiyo.

Mazungumzo ya haraka humeza i fupi: tânisi, salamu ya kila siku, husikika tânsi. Tahajia huiandika yote. Kuhusu maneno mengine, usimsafishe msemaji. Akisita, akijirudia, akichanganya Kiingereza, acha kama alivyosema. Toleo lililosafishwa litaandaliwa kwenye hatua ya 7, yeye mwenyewe akiwa mhariri.

Tahadhari kuhusu lahaja. Neno la "mimi" ni niya kwa Wakri wa Nyanda, nîtha kwa wa Misituni, nîna kwa wa Vinamasi, nîla kwa wale wa Moose. Kama bibi wako ni wa Misituni, andika th yake na jina la lugha yake, nîhithawîwin. Ukimgeuza awe wa Nyanda ili alingane na kamusi, wajukuu wake watasoma na kusema huyu si bibi yetu, na watakuwa na haki.

Utajua umefaulu msemaji akisoma au akisomewa nukuu yako na kusema hivyo ndivyo alivyosema, bila kusahihisha mistari miwili mfululizo.

## Hatua ya 6: Fungua kitenzi

Huwezi kufundisha sentensi usiyoielewa mifupa yake. Uzuri ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anaanza akiwa na akiba: amezoea kitenzi kimoja kubeba mtenda, wakati na mtendwa. Hatari ni kwamba atadhani viungo vimepangwa kama vyetu.

Anza na ngeli. Kikri kina mbili, hai na zisizo hai, lakini uhai huo ni wa kisarufi. Asiniy, jiwe, ni hai. Asikan, soksi, ni hai. Pahkwêsikan wetu naye ni hai. Maskisin, kiatu, si hai. Wingi hukuonyesha: asikanak kwa hai, maskisina kwa zisizo hai. Andika ngeli kando ya kila nomino kwenye daftari, usiipime kwa akili yako.

Kwa nini isisitizwe hivi? Kwa sababu sisi hubadilisha viambishi tu, kitenzi "kula" kikabaki kula. Kikri hubadilisha kitenzi chenyewe:

- nimowâw pahkwêsikan: ninakula mkate (mliwa ni hai)
- nimîcin wiyâs: ninakula nyama (mliwa si hai)
- nimîcison: ninakula, mlo tu, bila kutaja kitu

Mwalimu asiyejua hili huandika "kula" mara moja kwenye karatasi ya msamiati, na wanafunzi wanakosea mwaka mzima.

Kisha mwelekeo. Linganisha jozi hii:

- niwâpamâw: ninamwona
- niwâpamik: ananiona

Kiswahili huhamisha: ni- ya mtenda hukaa mwanzoni, ni- ya mtendwa husogea ndani. Kikri huiacha ni- mbele katika zote mbili, na mwisho ndio unaogeuza tendo. Hata "unaniona" na "nakuona" huanza sawa: kiwâpamin, kiwâpamitin. Kosa la kwanza la mchambuzi wa Kiswahili ni kuandika "ni- = mtenda" kila inapotokea. Andika "ni- = mimi nimo", kisha usome mwisho.

Watu wawili wa pembeni, yaani wote wa nafsi ya tatu, wakikutana, mmoja husukumwa nyuma kwa alama. Nâpêw wâpamêw atimwa, mwanamume anamwona mbwa: mbwa peke yake ni atim, hapa amepata -wa kwa sababu mwanamume ndiye aliye mbele ya simulizi. Ukiona nomino hai yenye -a usidhani imehamia ngeli nyingine.

Ukikwama, itwêwina hupokea hata neno lililokwisha kunyambuliwa na kukuonyesha shina lake. Kamusi za kawaida za karatasi hupanga vitenzi kwa umbo la "yeye", kwa hiyo nimowâw litafute chini ya mowêw.

Utajua umefaulu ukiweza kubadilisha mtenda na mtendwa katika sentensi 3 za bibi, na msemaji akakubali zote.

## Hatua ya 7: Jenga somo kutoka simulizi lile lile

Wengi hufikia hapa kisha huiweka kando nukuu yao na kuchukua mpangilio wa kitabu cha Kiingereza: rangi, namba, siku za wiki. Huo ni upotevu mkubwa. Freda Ahenakew, mwanaisimu Mkri wa Saskatchewan aliyefariki 2011, alionyesha njia nyingine: sarufi ifundishwe kupitia matini ya Kikri na kwa mtazamo wa Wakri wenyewe. Naiona bado ndiyo njia bora, kwa kuwa mtoto hupata lugha pamoja na sauti ya mtu wa kwao.

Keti na msemaji mchague sentensi 5 au 6. Asafishe yeye anachotaka. Katika hizo toa jambo moja la sarufi, moja tu. Kwa mada yetu ni nimowâw na nimîcin. Maneno mapya yasizidi 10.

Ongeza amri za kutendwa kwa mwili: api, keti, pasikô, simama, mîciso, kula, sîkina nipiy, mimina maji, miyin pahkwêsikan, nipe mkate. Kwa watu wengi, keti huwa apik na simama huwa pasikôk. Msemaji azithibitishe zote kwa lahaja yake kabla hazijachapwa.

## Hatua ya 8: Fundisha, msemaji akiwa mbele

Mzee au mzungumzaji fasaha ndiye mwalimu. Wewe unakaa kando, unashughulikia sauti, karatasi na maswali ya sarufi.

Cheza rekodi mara 2 bila maandishi yoyote. Watoto washike unga kweli, wamimine maji kweli. Amri zije, watende bila kulazimishwa kusema. Baada ya hapo wapeane mkate na nyama, kila mmoja akisema anakula nini. Aliyetaja kitenzi cha ngeli isiyofaa arudiwe kwa umbo sahihi, bila kukatizwa wala kuchekwa. Maandishi huja mwisho. Yakitangulia, wanafunzi watasoma kwa sauti za Kiingereza na kofia zote zitageuka mapambo.

Utajua umefaulu mtoto akiomba kipande cha pili kwa Kikri bila kuulizwa.

## Hatua ya 9: Rudisha vitu kwa wenyewe

Ofisi ya elimu ya jamii ipate faili ya WAV, faili ya ELAN, nukuu katika PDF na somo lenyewe. Familia ya mzee ipate sauti katika umbo wanaloweza kulicheza kwenye simu. Ambatanisha karatasi moja yenye masharti ya hatua ya 1, ili atakayefungua folda miaka 20 baadaye ajue anaruhusiwa nini.

Mlipe msemaji saa za kunukuu na za darasani kama ulivyomlipa za kurekodi. Halafu muulize yeye mada inayofuata iwe ipi, ndipo uchaji betri.